Kiberiti cha Vidole Vinne

Upepo wa siku ile ulikuja na ugomvi wake. Uwanja wa shule ulikuwa wazi pande zote, na hema jeupe lilikuwa limesimama nusu, nguzo mbili juu, mbili bado chini, turubai likijipiga makofi lenyewe. Mkasi alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, kamba ya nailoni mkono mmoja, sanduku la njiti mkono wa pili. Njiti ya tisa ilikuwa imewaka na kufa kabla haijafika popote.

"Imezimika?" aliuliza Utepe.

"Hapana, imekwenda kusalimia jirani," akajibu Mkasi bila kuinua uso. "Njoo hapa unikinge upepo. Urefu wote huo Mungu alikupa wa nini?"

Utepe akaja, akafungua koti lake, akalitandaza kama kuku anayefunika vifaranga. Njiti ya kumi ikazimika. Ya kumi na moja ikawaka vizuri, ikapinda, ikamlamba Mkasi kidole, naye akaitupa huku akitamka neno ambalo halifai kusemwa kwenye uwanja wa shule.

Kamba ya nailoni ukiikata, ncha yake lazima uichome papo hapo ili iyeyuke na kugandana. Usipoichoma nyuzi zinafumuka, na kabla ya jioni unakuwa umeshika ndevu. Mkasi alijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, maana alikuwa ameshona mahema kwa miaka thelathini. Lakini upepo ulikuwa umemshinda. Mwishowe alifunga fundo mwishoni mwa kamba, na fundo hilo halikupita kwenye tundu la chuma la turubai, ikabidi waifunge kamba mahali pasipo pake. Hema likasimama kwa kuinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mwalimu mkuu alikuja kulitazama, akainamisha kichwa chake upande uleule, kisha akasema kwa upole, "Si neno, litatusitiri tu."

Mkasi akaanza kukusanya vifaa. Njiani kurudi hakusema kitu, na Mkasi kunyamaza kilomita nzima ilikuwa habari ya kutangazwa.

Utepe alikuwa mke wa mdogo wake Mkasi. Siku ya harusi, miaka minane iliyopita, Mkasi alimtazama bi harusi kuanzia unyayoni, macho yakapanda, yakapanda, yakafika kichwani yakiwa yamechoka. "Ndugu yangu kaoa utepe," akasema mbele ya watu, na jina likaganda. Jina la Mkasi lenyewe lilikuwa la zamani zaidi, na kila mtu alikuwa na maoni yake kama lilitokana na kazi au na ulimi. Mashoga zake Utepe walimwonya. Mume umepata, walisema, lakini wifi huyo ni moto wa kifuu, unadhani umezimika kumbe unakusubiri.

Kisha ofisi ambayo Utepe alikuwa karani ikafungwa, na mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alikuwa safarini wiki tatu katika kila nne. Utepe alikaa nyumbani mwezi mmoja akipanga vyombo vilivyokwisha pangwa. Asubuhi moja Mkasi akagonga mlango. Hakusema pole. Alisema, "Nina turubai la mita kumi na mbili na mikono miwili tu. Njoo ushike ncha ya pili." Utepe akaenda kushika ncha ya pili, na miaka saba baadaye alikuwa hajaiachia.

Sasa basi, usiku ule wa hema lililoinama, Utepe alilala akiwa na uamuzi. Kesho yake atamtafutia wifi yake kiberiti cha maana.

Duka la vifaa lilikuwa hatua chache kutoka karakana yao. Mwenye duka alikuwa mzee mnene, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Utepe alimweleza anachotaka. Si kile kiberiti cha plastiki cha kuwashia mshumaa, ambacho mwali wake unainama mtu akipiga chafya. Alitaka cha gesi chenye mwali mkali wa buluu, ule unaotoka na mvumo kama paka aliyekasirika. Kiwe kidogo cha kukaa mfukoni. Kifae nyumbani kwa jiko, kifae na uwanjani kwenye upepo.

"Hicho ninacho," alisema mzee. "Tena si kimoja." Akatoa trei nzima.

"Na feni?"

"Feni nauza pia."

"Sinunui feni. Naomba uiwashe tu."

Mzee alimtazama juu ya miwani, akaiwasha. Utepe akatoa mfukoni vipande vya kamba alivyokuja navyo, akaanza kazi. Cha kwanza kilikuwa chembamba kama kalamu, kinapendeza, lakini kifuniko chake kilikuwa cha kuchomoa. Kifuniko cha kuchomoa kikianguka kwenye nyasi, umekwisha agana nacho. Cha pili kilikuwa na midomo mitatu, na kilipowaka kamba haikuyeyuka, iliungua ikawa mkaa na moshi mweusi ukajaa duka.

"Hiki cha kuchomea ushahidi," alisema Utepe akikohoa.

"Hununui na bado unanifukizia duka," alisema mzee, lakini alikuwa akitabasamu. Wateja wawili walikuwa wamesimama kutazama, na mmoja alikuwa ameanza kutoa ushauri.

Cha tano ndicho kilichompendeza. Mwali mmoja, mwembamba, uliosimama wima mbele ya feni hata ilipowekwa namba tatu. Kifuniko chake kilishikamana kwa bawaba. Pembeni kulikuwa na kidirisha cha kuonyesha gesi iliyobaki, chini pana tundu la kujazia, na kulikuwa na kizuizi kidogo cha usalama ili kisijiwashe mfukoni na kumfanya mtu aruke. Ulibonyeza kitufe kwa kidole gumba, kwa nguvu, na mwali ukatoka. Utepe alibonyeza mara ishirini. Akakinunua akarudi karakana akiwa amefurahi kama mtoto aliyeokota pesa.

Mkasi alikigeuzageuza mkononi. "Mbona kama kidude cha daktari wa meno?"

"Jaribu basi."

"Nitajaribu. Nina cherehani inanisubiri." Akakitia kwenye mfuko wa aproni yake.

Na humo kikakaa. Siku ya kwanza Utepe hakujali. Siku ya tatu alimwona Mkasi anawasha jiko la chai kwa njiti. Siku ya tano walikwenda kusimamisha hema kwenye kiwanja cha mpira, na ilipofika kuchoma ncha za kamba, Mkasi akatoa kiberiti mfukoni na kumrushia. "Washa wewe, mikono yangu imejaa." Mikono yake ilikuwa imeshika kigingi kimoja. Mara ya pili ikawa hivyohivyo, na mara ya tatu pia.

Utepe aliumia. Hakusema, maana angesema nini? Nimekuletea kiberiti na hukipendi? Mtu mzima hawezi kulia kwa ajili ya kiberiti. Lakini usiku mumewe alipopiga simu kutoka huko alikokuwa na lori lake, Utepe alimweleza kama mzaha, na mzaha wenyewe ukatoka na pua iliyoziba.

"Kakikataa?" aliuliza Dereva.

"Hajakataa. Kanyamaza."

Dereva alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza, mke wangu. Dada hajawahi kukataa kitu kimyakimya. Akikataa, wanasikia mtaa wa pili. Nilipomletea viatu vya kijani alivivua mbele ya wageni. Akinyamaza ana lake jambo. Mwangalie mikono, usimwangalie mdomo."

Utepe aliyachukua maneno hayo kama maneno ya mume aliye mbali, yaani nusu yake. Lakini kesho yake aliondoka karakana kwenda nyumbani, akafika njiani akakumbuka kwamba ameacha pochi yake mezani. Akarudi kwa njia ya nyuma. Dirisha lilikuwa wazi, na akamwona Mkasi amesimama peke yake katikati ya marobota ya turubai, kiberiti mkononi.

Mkasi aliweka kidole gumba kwenye kitufe, akabonyeza. Uso wake ukakunjamana. Kitufe hakikushuka. Akakishika kwa mikono miwili, akaweka vidole gumba vyote viwili, akabonyeza tena, na safari hii alifumba macho. Hakikuwaka. Kisha akakilaza kiberiti kwenye ukingo wa meza na kukikandamiza kwa kiganja, mwali ukatoka upande usiotakiwa, nusura uunguze kitambaa, akakiachia haraka. Akasimama hapo akiutazama mkono wake wa kulia kama anavyotazamwa mtu aliyevunja ahadi.

Utepe alirudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, akaenda nyumbani bila pochi.

Usiku huo hakuupata usingizi mara moja, kwa sababu mambo yalianza kujipanga yenyewe. Mkasi kunywa chai kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, akisema anapenda joto lake. Mkasi kuvaa magauni ya kuingiza kichwani, yeye aliyekuwa mtu wa vifungo kuanzia shingoni hadi magotini. Na kubwa kuliko yote, lile la kukata. Mwaka uliopita Mkasi alikuwa amemkabidhi mkasi mkubwa, ule wa turubai zito, akamwambia, "Kuanzia leo kata wewe, ujifunze. Mimi sitaishi milele." Utepe alitembea wiki nzima kifua mbele. Alidhani amepandishwa cheo. Kumbe wifi yake alikuwa anauficha mkono nyuma ya mwanafunzi.

Asubuhi Utepe alipiga moyo konde. Alifika karakana mapema, akachukua kiberiti kwenye aproni iliyotundikwa ukutani. Kisha akakata kipande cha plasta pana ya kufungia vifurushi, akakilaza kidole gumba chake cha kulia juu ya kiganja, akakifunga hapo, mara mbili, kikabana. Akautia mkono mfukoni na kwenda dukani.

"Umeumia?" mzee wa duka aliuliza alipouona.

"Hapana, baba. Nimekuja kununua."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huuhuu. Lete trei. Na feni."

Mzee akaileta trei, akaiwasha feni, akavuta kiti akakaa kutazama. Utepe alijaribu vyote upya, kimoja baada ya kingine, bila kidole gumba. Alishangaa jinsi dunia ilivyotengenezwa kwa ajili ya kidole kimoja. Kufungua kifuniko, gumba. Kusogeza kizuizi, gumba. Kubonyeza, gumba. Kile cha bei kubwa kuliko vyote, kilichong'aa kama kijiko cha wageni, kilimdondoka mara mbili. Baada ya robo saa jasho lilikuwa linamtoka na hakuna kilichowaka.

"Huna kingine?"

Mzee alijikuna shingo. "Kuna kimoja. Lakini hicho kila mtu anakicheka." Akaingia nyuma, akarudi akipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Kilikuwa na rangi ya haradali iliyochacha, kinene, kifupi, na ubavuni kilikuwa na wenzo mpana uliokwenda urefu wake wote. Hukukibonyeza. Ulikikamata ngumini kama unavyokamata koleo, ukakifinya kwa vidole vinne, na vidole vinne vikisaidiana havihitaji nguvu. Kifuniko kilijifungua chenyewe wenzo ukishuka. Mdomo wake ulizungukwa na kola ya chuma ya kuukinga mwali.

Utepe akakifinya. Kikavuma. Mwali wa buluu ukasimama.

Mbele ya feni namba moja, ulisimama. Namba mbili, ulitikisika ukasimama. Namba tatu, ulizimika, akafinya tena, ukawaka, ukazimika, akageuza mgongo kidogo kwa feni, ukakaa. Ncha ya kamba ikayeyuka vizuri, ikawa shanga ndogo inayong'aa.

"Kile ulichonunua kwanza kilikuwa na nguvu zaidi," mzee alisema kwa uaminifu. "Na hiki ni kizito. Na hakina dirisha la gesi, utakuwa unakitikisa sikioni."

"Kile cha kwanza kilikuwa kizuri kwa mkono wangu," alisema Utepe. "Sikununua kwa ajili ya mkono wangu."

Mzee akakubali kubadilishana, kimoja kwa kingine, akamwongezea na kopo la gesi. Alisema kile cha haradali kimekaa mwaka mzima bila mchumba, na yeye hawezi kumdai mahari mtu aliyejitolea.

Utepe alirudi karakana akiwa na haraka, na kwa haraka hiyo akasahau kitu. Mkasi alikuwa kwenye cherehani, akipitisha mshono mrefu. Akainua macho.

"Umechelewa. Na umeumia?"

"Sijaumia."

"Sasa umejifunga nini huko, kama kuku wa sokoni?"

Utepe akautazama mkono wake. Plasta ilikuwa bado ipo. Alifikiria kudanganya, akaona uongo wenyewe haupo karibu.

"Nimeazima mkono wako, wifi," akasema. "Nilikwenda nao dukani."

Cherehani ikanyamaza. Mkasi akainuka, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ya kusikika mtaa wa pili.

"Mkono wangu? Mkono wangu una nini? Nani kakutuma unipeleleze? Nimekupa kazi, nimekupa mkasi, sasa unataka kunipa na ugonjwa!" Akautwaa mkasi mkubwa pale mezani, akakunja turubai mara mbili, akaanza kukata ili aonyeshe.

Mkasi uliuma turubai, ukaingia urefu wa kidole kimoja, ukakwama. Akasukuma. Utepe aliona mkono ukitetemeka kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Mkasi hakupiga kelele. Aliuachia mkasi ukiwa bado umeng'ata kitambaa, akarudi akakaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo umemgeukia wifi yake.

Utepe akasogea hatua moja.

"Tangu lini?" aliuliza Utepe.

"Mwaka juzi."

"Na daktari?"

"Nilikwenda. Kasema kiungo cha chini ya kidole gumba kimelika. Kasema si ajabu. Miaka thelathini ya kukata, wifi, hata chuma kingelika. Kanipa kile kifungo cha kuvaa mkononi, cha kushikiza gumba."

"Kiko wapi?"

Mkasi akaelekeza kwa kidevu kwenye debe la pete za chuma. Utepe akatia mkono wake mzima ndani, akachimbua chini kabisa, akakitoa, bado kikiwa kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje?" Sasa Mkasi aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu, jambo ambalo Utepe hakuwa ameliona hata kwenye msiba wa mama mkwe. "Nikwambie fundi hawezi kushika mkasi? Ungekimbia ukatafute kazi kwingine, na ungekuwa na haki. Mimi ningebaki hapa na mita kumi na mbili, nani anishikie ncha ya pili?"

Utepe alivuta kigoda, akakaa karibu naye, magoti yake marefu yakafika karibu na masikio.

"Wifi, mimi mwaka mzima nilidhani unaniachia kukata kwa sababu nimeiva."

"Umeiva? Wewe? Lile hema la wiki iliyopita ulilikata kama unagawa keki." Mkasi alifuta pua kwa kipande cha turubai, ambacho ni kitambaa kibaya sana kwa pua. "Lakini umeiva. Unafikiri ningemwachia nani turubai langu? Mkono ukiniuma ningeweza kufunga duka. Sikufunga. Nilikuachia wewe."

Utepe akatoa kile kiberiti mfukoni na kukiweka mezani.

Mkasi alikitazama. "Hiki nacho kimezaliwa na nani?"

"Kifinye. Usitumie gumba. Kamata kama unakamata shingo ya mtu unayemdai."

"Rangi hii wameikosea wapi?"

"Wifi."

Mkasi akakichukua. Vidole vinne vilizunguka wenzo, taratibu, na uso wake ulikuwa umejiandaa kwa maumivu kama mtu anayekanyaga maji ya baridi. Akafinya. Kikavuma, mwali ukasimama. Uso wake ukabaki vilevile umejiandaa, ukisubiri maumivu ambayo hayakuja. Akaachia. Akafinya tena. Akaokota kipande cha kamba sakafuni, akakichoma ncha, akaizungusha mpaka ikawa duara safi. Akaokota kingine. Alichoma vipande saba mfululizo, vyote vya kutupa, akavipanga mezani kwa safu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema hatimaye.

"Ndiyo hivyo."

"Bahati mbaya mimi kilichoharibika ndicho cha chawa." Na akaanza kucheka, kicheko kilichotoka tumboni na kumtikisa mabega, na Utepe naye akashikwa, wakacheka hadi mshona viatu wa mlango wa pili akaja kuchungulia kuna nini, akawakuta mmoja amefungwa plasta na mwingine ana machozi, akaondoka akitikisa kichwa.

Mkasi ndiye aliyembandua plasta ile, polepole, kwa kuilowesha maji ya uvuguvugu ili isimng'oe vinyweleo. Alikuwa akigomba muda wote. Mtu mwenye akili, alisema, angefunga kwa kitambaa.

Wiki mbili baadaye walipata kazi juu ya kilima, hema la watu wa upimaji ardhi waliotaka kivuli cha mezani kwa mwezi mzima. Huko juu hapakuwa na mti wala ukuta, na upepo uliwakuta wakiwa bado kwenye ngazi za gari. Wafanyakazi watatu wa kukodi walishika nguzo. Utepe alikata kamba kwa urefu uliopimwa, na Mkasi, kifungo cha daktari kiganjani, akapiga magoti na kutoa kiberiti chake cha haradali.

Kilizimika. Akafinya tena, kikazimika. Utepe alianza kufungua koti.

"Kaa huko," alisema Mkasi. "Ninakijua."

Akageuza mgongo kwa upepo, akaisogeza ncha ya kamba ndani kabisa ya ile kola ya chuma, akafinya, akashikilia. Mwali ukavuma, ukayumba, ukakaa. Ncha ikayeyuka. Akaizungusha, akaipuliza, akaipitisha kwenye tundu la turubai, ikapita bila kugusa ukingo. Akanyoosha mkono kwa kamba nyingine bila kutazama, na Utepe akaiweka kiganjani mwake. Walifanya kumi na sita hivyo. Hema likasimama wima, limevutwa sawasawa kila kona, unaweza kuligonga likalia kama ngoma.

Mpima ardhi mkubwa alikuja na kofia yake mkononi, akaona kazi, akaridhika. "Fundi ni nani hapa?" aliuliza. "Nataka tuongee kuhusu mengine mawili."

Utepe akamgeukia wifi yake kwa mazoea. Lakini Mkasi alikuwa ameshatangulia kumwonyesha kwa kidole.

"Fundi ni yule mrefu. Mimi nachoma ncha tu," akasema. "Ongea naye polepole, huko juu maneno yanachelewa kufika."

Kuanzia hapo kiberiti hakikuweza tena kukaa mfukoni. Mkasi aliwashia jiko la karakana, akawashia jiko la nyumbani, akawashia mshumaa umeme ulipokatika na akauwasha tena umeme uliporudi. Kila asubuhi alikitikisa sikioni kusikia gesi. Mbaya zaidi, aligundua kwamba mwali ule mwembamba unaondoa nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo kwa sekunde moja tu. Majirani wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mshona viatu alichomewa uzi wa mkono wa shati akiwa ndani ya shati. Mzee wa duka alikuja kuulizia kiberiti kinaendeleaje, akaondoka bila uzi wake wa miwani, akiwa amepewa kamba ya nailoni mpya, imechomwa ncha zote mbili.

Dereva alirudi safari siku ya Jumamosi. Alipitia karakana kabla ya nyumbani, vumbi la njia bado mwilini, zawadi kwenye mfuko wa plastiki. Akamkumbatia mkewe, akageuka kumsalimia dada yake, na dada yake akarudi nyuma hatua moja akimkagua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Simama hapohapo. Usitikisike. Una uzi kwenye kola."

"Nini hicho mkononi?"

"Nimesema usitikisike."

Dereva, mwanaume aliyepita milima na mito na lori la tani thelathini, alisimama mikono kando, kidevu juu, macho yamefumbwa kama mtoto anayenyolewa. Kiberiti kikavuma karibu na sikio lake. "Mke wangu," akasema kwa sauti ndogo, "huyu umempa nini?" Lakini mkewe alikuwa ameegemea robota la turubai, akicheka kiasi cha kushindwa kujibu, na dada yake alikuwa tayari amemzunguka kwa nyuma, akitafuta uzi mwingine.